Kodi ya Kulala Ndani

Si zamani, wala haikuwa enzi za wanyama kusema. Ilikuwa mwaka ule tu ambapo serikali ya nchi moja, nchi nzuri yenye bendera ndefu kuliko barabara zake, iligundua kwamba wananchi wake wanalala ndani.

Ugunduzi huo uliishtua sana serikali. Miaka yote hiyo watu wa vijijini walikuwa wakiingia ndani jua likizama, wanafunga mlango, wanalala, wanaamka, wanatoka, na hakuna aliyewahi kulipia. Waziri wa Mapato alisimama bungeni akiwa ndani ya suti nzito siku ya joto, akasema kwa uchungu, "Waheshimiwa, mvua ni mali ya taifa. Mwananchi anayeizuia isimfikie, kwa kutumia paa lake binafsi, anajinufaisha. Je, taifa linapata nini?" Wabunge wakapiga meza. Mmoja aliyekuwa amesinzia alizinduka akapiga kuliko wote, na siku hiyohiyo ikapita Sheria ya Kodi ya Makazi Vijijini. Watu wasio na shukrani waliiita kodi ya kulala ndani.

Sasa, katika wilaya ya Mkongoro, kijiji cha Nyambalu, kulikuwa na mjane mmoja aitwaye Nyamizi, na kama kuna mtu nchini aliyejua paa ni kitu gani, ni yeye. Mumewe Kasunzu alifyatua matofali kwa mikono yake, akayachoma, akapandisha kuta, kisha akaugua na kufa, kuta zikiwa zimesimama uchi. Nyamizi akamzika nyuma ya kuta hizo, akajifunga kibwebwe. Alilima karanga, akauza karanga, na kila akiuza alinunua bati moja, akarudi nalo kichwani kutoka gulioni. Wifi yake Limi, dada wa marehemu, alimcheka kuliko wote, na ndiye aliyemshikia ngazi siku ya kupaua. Mvua ya kwanza ilipopiga juu ya bati lile, Nyamizi alikaa kitako katikati ya sebule akalia kwa furaha, na Limi akamwambia aache kulowesha sakafu ambayo mvua yenyewe imeshindwa kuilowesha.

Basi, Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Shigela, aliitisha mkutano. Alikuwa amepigiwa simu kutoka wilayani, akaipokea juu ya kichuguu, mahali pekee Nyambalu penye mtandao, na alishuka na habari kubwa. Mgeni wa serikali anakuja. Tena ataingia nyumba moja baada ya nyingine, hatamruka mtu.

"Anakuja kutupa kitu au kutuchukulia kitu?" aliuliza Nyamizi.

"Dada yangu, anakuja kututambua," alisema Mwenyekiti. "Serikali haiwezi kukutambua halafu ikakufanyia ubaya."

Watu walitikisa vichwa kukubali. Hawakuwahi kutambuliwa kabla ya hapo, kwa hiyo hawakuwa na ushahidi wa kumpinga.

Hapa inabidi ieleweke desturi ya Nyambalu, maana ndiyo iliyowaponza. Kijiji kizima kilikuwa na seti moja ya makochi. Yalikuwa mali ya Mzee Lugusha, aliyefanya kazi reli mpaka reli yenyewe ikastaafu kabla yake. Makochi mekundu ya mahameli, yana vitambaa vya kufumwa kwa mkono na stuli ya kioo. Lakini Lugusha hakuyakalia sana, kwa sababu makochi ya Nyambalu ni ya mgeni. Posa ikija kwa fulani, makochi yanabebwa alfajiri yanapelekwa kwa fulani. Mkwe akija kwa mwingine, yanahamia huko. Huyu anaongeza saa ya ukuta, yule chupa ya chai yenye maua, wa tatu pazia. Mgeni anakaa pazuri, anakula, anaondoka akisema watu wale wanajiweza, na kesho yake kila kitu kinarudi kwa mwenyewe. Hakuna aliyeuona huo kuwa uongo. Kumkalisha mgeni juu ya kigoda wakati kijijini mna kochi, huo ndio ungekuwa utovu wa adabu.

Nyambalu haikuwahi kupata mgeni wa nyumba zote kwa siku moja. Lakini waliona aibu kuchagua nani amkalishe mgeni chini. Wakapanga vijana wenye mabega, makochi yatangulie kwa njia ya nyuma, yapite kwenye mihogo, wakati mgeni anazungushwa kwa njia ya mbele.

Mgeni huyo alikuwa Bwana Festo Kilalawima, Mthamini Mkuu Msaidizi wa Makazi Vijijini, mtu mnene, mpole, mwenye futi ya kamba mfukoni na tabia ya kugonga kuta kwa kidole halafu kutega sikio. Aliingia nyumba ya kwanza akakuta makochi mekundu, saa ya ukuta, chupa ya maua. Aliingia ya pili akakuta makochi mekundu, saa ya ukuta, chupa ya maua. Kufikia adhuhuri alikuwa amejawa na mapenzi kwa kijiji hicho.

"Nyambalu mna umoja," alimwambia Mwenyekiti. "Hata rangi mnapenda moja."

Mwenyekiti alisema ndivyo wazee walivyowalea.

Zamu ya Nyamizi ilipofika, kochi kubwa lilikuwa bado limekwama kwenye mlango wa uani, miguu iko nje, vijana wamekwama ndani. Limi akamdaka mthamini kizingitini na kuanza kumsalimia. Alimuuliza habari za safari, za mama yake, za baba yake, za watoto, za mifugo. Alipoambiwa hana mifugo, akampa pole, akauliza ilikufa kwa ugonjwa gani. Kochi lilipoingia, Limi akasema, "Karibu ndani, baba, mbona umesimama nje muda wote huo?"

Kilalawima alikaa, akazama, akashusha pumzi. Nyamizi alimletea chai na karanga za kukaanga. Alikula karanga zote, akagonga kuta, akasifu paa, akatazama kilima kupitia dirishani.

"Mama, unaishi vizuri," alisema.

Ungemjibuje mgeni anayekusifia nyumba? Nyamizi alijibu kama alivyofundishwa na mama yake. "Tunashukuru Mungu, baba."

Mthamini akaandika kwamba mwenye nyumba amekiri kuishi vizuri.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mzee Lugusha mwenyewe. Vijana walikuwa hoi, kochi kubwa limegoma tena kutoka kwa Nyamizi, na mthamini, kwa bahati mbaya, alikuwa amekataa kuzungushwa kwa sababu viatu vilimbana. Alikuta sebule tupu, alama za miguu ya makochi sakafuni, na mzee wa watu amesimama katikati anaomba radhi kwa kutokuwa na pa kumkalisha. Kilalawima alitoa leso akafuta macho. Alimpa Lugusha noti kutoka mfukoni mwake, akamweka Daraja la Huruma, msamaha kamili.

Hati za madai zilifika wakati karanga zinachanua. Kila nyumba ya Nyambalu, isipokuwa ya Lugusha, ilikuwa Daraja la Kifahari. Redio ya taifa ilitangaza kwamba kimepatikana kijiji ambacho kila kaya inakalia mahameli, na kwa siku kadhaa nchi nzima iliona fahari. Zahanati ikaacha kutoa dawa za bure, kwa kuwa si haki matajiri watibiwe kwa jasho la maskini. Mahindi ya njaa yaliyokuwa njiani yaligeuzwa yakapelekwa kwingine.

Nyamizi alisomewa hati yake na Mwenyekiti, akaomba asomewe tena. Kiasi kilichotajwa hakingefikiwa hata angeuza mavuno yote ya karanga, na ya mwaka unaofuata, bila kuonja punje. Asipolipa kabla ya mwisho wa mavuno, nyumba itapigwa mnada.

"Sisi tuliambiwa ni mgeni," alisema. Mwenyekiti alitazama chini, akasema hata yeye amewekwa Kifahari.

Walikwenda wilayani kulalamika. Walikuta Dawati la Malalamiko limefungwa. Bango jipya lilieleza kwamba serikali imefanikiwa kumaliza malalamiko nchini, na mahali pake imefungua Idara ya Uelewa. Mkuu wa idara hiyo alikuwa Dakta Ponera, mwanamke wa makamo mwenye miwani juu ya nywele na sauti ya kubembeleza watoto.

"Karibu, mama. Hujaelewa wapi?"

"Nimeelewa, mwanangu," alisema Nyamizi. "Nadaiwa kwa ajili ya makochi, na makochi si yangu. Ni ya Mzee Lugusha huyu hapa. Tuliazimana kwa heshima ya mgeni. Kijiji kizima tuna makochi hayohayo."

Mzee Lugusha alivua kofia. "Ni yangu, mama. Yana mguu mmoja niliouunga kwa ubao wa mninga. Mje muuone."

Dakta Ponera alishusha miwani. "Mzee, kumbukumbu zetu zinaonyesha huna hata kigoda. Uko Daraja la Huruma. Unataka kuniambia una makochi na uliyaficha ofisa wa serikali asiyaone?"

Lugusha alivaa kofia.

"Na wewe, mama," aliendelea Dakta Ponera, "unataka kusema kijiji kizima kilimdanganya ofisa akiwa kazini? Hilo ni kosa, na faini yake inaizidi kodi. Kifungo nacho kipo. Kwa hiyo nakuuliza kwa upendo. Siku ile makochi yalikuwepo nyumbani kwako, au hayakuwepo?"

"Yalikuwepo, lakini hayakuwa..."

"Basi. Shida iliyobaki ni hiyo 'lakini', na hiyo tunaitibu kwa semina."

Semina ilifanyika katika ukumbi wa wilaya, chini ya kitambaa kilichoandikwa KIJUE UNACHODAIWA, KIPENDE. Ada yake iliongezwa kwenye deni la kila mshiriki, kwa hiyo mtu alitoka akijua zaidi na akidaiwa zaidi. Dakta Ponera aliandika ubaoni hesabu ndefu iliyoanzia ukutani ikaishia ukutani. Thamani ya nyumba, alisema, ni bei ambayo mnunuzi angeilipa.

"Mnunuzi gani?" aliuliza Nyamizi. "Nyambalu hakuna anayenunua nyumba. Watu wanajenga."

"Mnunuzi wa kudhaniwa, mama. Sheria inamdhania tu."

"Basi huyo wa kudhaniwa alipe hiyo kodi."

Watu walicheka. Dakta Ponera naye alicheka, kisha akaandika jina la Nyamizi pembeni, katika orodha ya wanaohitaji kurudia semina.

Kulikuwa pia na kipengele cha mandhari. Nyumba ya Nyamizi iliongezewa thamani kwa kuwa dirishani kunaonekana kilima.

"Kilima kile nimekitazama bure tangu nizaliwe," alisema Nyamizi.

"Ndiyo maana kuna malimbikizo," alijibu Dakta Ponera kwa upole.

Mwenyekiti Shigela, aliyekuwa akijitahidi kumsaidia, alinyanyua mkono akauliza kama sheria haina huruma kwa wajane. Ikaonekana inayo, tena nyingi. Mjane anasamehewa kodi yote, mradi alete fomu ya kuthibitisha ndoa, iliyosainiwa na pande zote mbili ndani ya mwaka huu.

"Mume wangu amekufa," alisema Nyamizi.

"Pole sana, mama. Msamaha huu uliwekwa kwa ajili yenu hasa. Wewe lete tu saini yake."

Nyamizi hakuwa amewahi kumtamania mtu mzima kofi namna ile. Akamsikiliza mwalimu anaendelea kusoma vifungu, na hapo ndipo kilipopita kifungu ambacho wengine wote walikisinzia. Nyumba, kwa maana ya sheria hii, ni kuta zilizofunikwa kwa paa. Kisichofunikwa si nyumba, na hakitozwi.

"Rudia hapo, mwanangu," alisema.

Dakta Ponera alirudia kwa furaha. Tangu aanze kazi hakuwahi kuombwa arudie kitu.

Mavuno yalikuja mabaya. Dalali alipita na kipaza sauti akitaja majina ya wenye nyumba, na nyuma yake mtu mwenye ndoo ya rangi nyekundu akichora X kwenye ukuta wa kila nyumba. Alichora ya Nyamizi kwa bidii, mistari imenyooka, akarudi nyuma kuitazama.

Kesho yake asubuhi Limi alimkuta wifi yake juu ya nyumba, ana nyundo.

"Wifi, umepata wazimu?"

"Bado. Nishikie ngazi."

Limi alishika ngazi. Nyamizi aling'oa msumari baada ya msumari, akayavuta mabati na kuyateremsha, na Limi akiyapokea chini. Alilia muda wote wa kazi, wala hakujificha. Aliichukia serikali, akamchukia yule mgeni na karanga zake, akamchukia Mwenyekiti na kichuguu chake. Alijichukia na yeye kwa kusema anashukuru Mungu. Jirani walisimama kumwangalia. Walidhani msiba mpya umeingia, na kwa namna fulani hawakukosea.

"Sheria inasema kisicho na paa si nyumba," aliwaambia kutoka juu. "Wakija kupiga mnada, wapige mnada hewa. Mvua zikipita na hawa watu wakitusahau, nitaliezeka tena."

Siku hiyo walimwonea huruma. Siku zilizofuata walianza kuazimana nyundo. Kabla mwezi haujaisha, Nyambalu yote ilikuwa kuta tupu, na mabati yamepangwa uani chini ya majani ya migomba. Watu walilala chini ya maturubai. Limi, ambaye hakuwahi kuacha mzaha hata msibani, alisema waziangalie nyota haraka kabla hazijathaminiwa kama dari.

Wazee na wagonjwa walihamia kwa Mzee Lugusha, mwenye paa pekee lililosamehewa. Aliwapokea wote, akawalaza mpaka juu ya makochi. Wiki iliyofuata aliletewa madai ya leseni ya nyumba ya kulala wageni.

Msafara wa wilaya ulipofika, ulikuja na mahema, viti vya plastiki na kikundi cha ngoma. Kilalawima alipita kati ya kuta, akagonga moja, akatega sikio. "Hapa hakuna nyumba," alikiri, na watu wa Nyambalu wakatazamana kwa mara ya kwanza na kitu kinachofanana na tabasamu. Nyamizi alishika mkono wa Limi. Aliamini, kwa muda mfupi huo, kwamba ameishinda serikali kwa kifungu chake yenyewe.

Dakta Ponera alipanda jukwaani. Aliwapongeza wananchi kwa uelewa wa hali ya juu. Deni lote, alisema, limefutwa, kwa kuwa nyumba zilizodaiwa hazipo. Watu walishangilia. Kisha akageuza ukurasa. Kwa kuwa nyumba hazipo, ardhi ya Nyambalu sasa ni viwanja visivyoendelezwa, na kiwanja kisichoendelezwa, kwa sheria nyingine nzuri tu, kinarudi serikalini na kila kilichomo. Serikali nayo haiwezi kukaa na ardhi bila kazi, hivyo imempa mwekezaji. Mwekezaji huyo alikuwa kampuni iitwayo Makazi Bora, ambayo mkurugenzi wake alikuwa na jina la ukoo Kilalawima. Katika nchi kubwa majina hufanana.

"Na sasa," alisema Dakta Ponera, "tumkaribishe mama aliyewaongoza wenzake katika uelewa huu, atoe neno la shukrani kwa niaba ya wanakijiji."

Nyamizi alisukumwa mbele. Mtu alimshikisha kipaza sauti.

"Mimi sina shukrani," alisema. Sauti yake ilitoka kwenye spika ikarudi kutoka kilimani. "Mliniambia kochi lisilo langu ni langu. Mkaniambia paa langu ni kosa langu, nikaling'oa kwa mikono hii. Leo mnasema hata kuta si zangu. Mume wangu amelala nyuma ya ukuta ule pale. Naye ni kiwanja kisichoendelezwa? Mmetuonea. Sitafuti neno jingine, ni hilohilo. Mmetuonea, na mnajua."

Mpiga ngoma alishusha vijiti. Watu wa Nyambalu walikuwa wamesimama wima, wakimtazama Nyamizi kama wanaomsubiri aseme tu waende wapi, na laiti angesema, huenda wangekwenda.

Dakta Ponera alichukua kipaza sauti taratibu, kwa mikono miwili, kisha akamkumbatia Nyamizi.

"Mnaona mama alivyoguswa," alisema. "Ni machozi ya furaha hayo. Tumpigie makofi."

Makofi yalianzia kwenye viti vya plastiki. Yakaenda nyuma, mahemani, yakawafikia watu waliozoea miaka mingi kwamba likisemwa hilo, mikono inapiga. Mwenyekiti alipiga. Mzee Lugusha alipiga. Limi alijikuta naye anapiga, akaacha, akaitazama mikono yake.

Mwekezaji hakuchelewa. Mabati yaliyokuwa uani yaliandikwa kuwa vifaa vilivyotelekezwa, yakakusanywa, na baada ya wiki mbili mafundi wa kampuni walikuwa juu ya kuta za Kasunzu wakiyapigilia. Nyamizi alisimama chini anaangalia. Aliyajua kila moja lilinunuliwa msimu gani. Fundi mmoja alilalamika kwamba mabati haya yana matundu ya zamani ya misumari, sijui yalitoka wapi, na Nyamizi akamwelekeza ayapigilie kwa mpangilio gani ili matundu yafunikane, maana kuliona paa linapigiliwa ovyo aliona ni kuumia mara mbili.

Karani wa Makazi Bora alileta mikataba ya upangaji. Alikuwa na adabu, alimwamkia Nyamizi shikamoo. Alieleza kwamba kampuni imeona vema kuwapa kipaumbele waliowahi kukaa hapa. Pango la kila mwezi lilikuwa limehesabiwa kwa haki kabisa, na lilizidi kidogo ile kodi ya makazi iliyogawanywa kwa miezi, kwa kuwa ndani yake mna kodi ya makazi, ambayo sasa ni wajibu wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni binadamu, hawezi kuibeba peke yake.

"Na uani?" aliuliza Nyamizi. "Kuna kaburi uani."

Karani alipekua karatasi. "Ua haumo kwenye pango, mama. Lakini ukitaka kupita, unaomba ruhusa ofisini. Wakikubali hawatozi sana."

Limi alikuwa amekaa mlangoni. "Usisaini, wifi," alisema. "Twende kwa kaka zako huko ng'ambo ya mto. Tutajenga kibanda."

"Nikiondoka, Kasunzu atabaki na wapangaji asiowajua."

Alichovya kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza pale alipoonyeshwa. Karani akashukuru, akasema anapita nyumba za jirani kisha atarudi kuchukua pango la mwanzo. Nyamizi akaingia ndani. Alikuta sebule ile ile, mwanga ule ule wa dirishani, akakaa chini ameegemea ukuta. Limi akamfuata.

"Nimekasirika, Limi," alisema Nyamizi. Hakupaza sauti. "Nimekasirika mpaka naogopa. Na sijui hasira hii niiweke wapi. Hata mahali pa kuiweka nimepangishiwa."

Limi alitafuta mzaha wa kumtolea, kama alivyozoea, akaukosa. Alikaa naye hapo sakafuni, wakaanza kumenya karanga za kuuza, wakimsubiri karani arudi.